Gari la Kiti Kimoja

Ule ni mwaka ambao sukari ilipotea Birmingham. Tarakimu za mwaka usiniulize, wengine huhesabu miaka kwa kalenda, mimi huhesabu kwa sufuria. Ni mwaka tuliosonga ugali kwa semolina, ugali unaovutika kama gundi na usionukia shamba lolote, mpaka Mama Jaspal, mwajiri wangu, akagundua duka la Wajamaika lenye unga wa mahindi wa manjano. Tulikula dengu Jumatatu na dengu Jumanne, na Ijumaa tukanunua chipsi za siki zilizofungwa kwa gazeti, mumewe, Fundi, akizinyunyizia pilipili aliyotembea nayo mfukoni mwa koti. Na chai tuliinywa chungu. Kwenye Barabara ya Coventry wanawake wazima walipigana vikumbo kwa pakiti moja, mzungu na Mhindi sawasawa, hakuna aliyejali ngozi siku ile. Lakini jikoni kwetu, kwenye kabati, nyuma ya kopo la samli, kulikuwa na mkebe uliojaa sukari mpaka kwenye kifuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. "Hiyo ni ya Jaspal," Mama Jaspal alisema. "Jaspal anakunywa vijiko vinne." Jaspal alikuwa amekufa Nakuru mwaka uliotangulia. Mbio za magari kwenye uwanja wa udongo, kona, gari likabiringika. Mimi mwenyewe nilichemsha maji ya kuoshea maiti yake.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi Manju alinipigia simu. Manju ni dada yake Jaspal, yule niliyekuwa nikimsuka nywele na kumpeleka shule akiwa na pengo la meno ya mbele, na leo ana wajukuu na magoti mabovu kunishinda. "Anti Rodah," akasema, "Mama ametuacha." Nikamwambia pole, mwanangu, mama yako amekula chumvi nyingi, aende salama. Akalia kidogo, akapenga kamasi, kisha akasema, "Halafu Anti, kuna lile gari." Nikajua anachotaka kabla hajakisema. Nikamjibu nitakuja kuzika, mambo ya gari tutayaona hukohuko. Nilipoweka simu chini nilibandika chai, na kabla sijajua mkono wangu unafanya nini nilikuwa nimetia vijiko vinne vya sukari, mimi ambaye daktari amenikataza hata kimoja. Mjukuu wangu Neema akaniona. Neema ni muuguzi wa wodi ya watoto, nami nawaambia hata wasioniuliza. Kiswahili anakielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza cha mtaa wa Shard End alikozaliwa. "Nyanya, unataka kufa?" akaniuliza. Nikamwambia, "Nyamaza. Hii si yangu."

Nilivyofika nchi hii ni hadithi fupi. Familia ile ya Kalasinga ilihama na vyombo vyake, nami nilikuwa mojawapo ya vyombo. Walipanga nyumba mtaa wa Small Heath, nyumba nyembamba kama mkate uliokatwa, imebanwa na nyingine kila upande. Sebuleni kulikuwa na hita ya mafuta ya taa iliyotufanya sote tunuke kama chemni. Chumba cha juu mbele walilala wazee, cha nyuma nililala mimi na Manju, na katikati kulikuwa na kichumba kisicholaliwa na mtu, kitanda kimetandikwa, shuka inabadilishwa kila Jumamosi. Nilizifua mwenyewe shuka zile safi. Mezani tulikuwa watu wanne, sahani za stili zilikuwa tano. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba Jaspal amekufa. Wageni wakija, wale waliotoka Kisumu na Kampala, wakikaa na kula na kuuliza, "Na kijana wenu mkubwa?" Mama Jaspal alijibu, "Yuko Nakuru." Wala si uongo, majivu yake tuliyamwaga mtoni huko. Wageni walitazamana, wakasifia achari. Mimi jikoni nilisikia yote kupitia kile kidirisha cha kupitishia chakula, nikafikiri, haya, kila nyumba na msiba wake, huu watauficha kidogo kisha watachoka. Hawakuchoka.

Fundi, babake Jaspal, jina lake halisi sijawahi kulitamka. Nakuru alikuwa Fundi mwenye gereji yake na vijana wa kumwagia maji ya kunawa. Birmingham alikuwa kibarua kiwandani, akifunga milango ya magari, mlango uleule wa upande uleule, shifti nzima. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na banda la matofali, zamani la farasi wa mwuza maziwa, na humo alirudi kuwa Fundi. Kitu kimoja tu alikuja nacho kutoka gereji ya Nakuru, amekizungushia blanketi katikati ya nguo. Usukani. Usukani wa gari lililomwua mwanawe, umepinda kidogo juu, ngozi yake imeng'aa pale mikono ya Jaspal ilipoushika. Aliutundika kwenye msumari bandani, akautazama majira yote ya baridi. Kisha akaenda kwa wauza skrepu, akaleta fremu ya gari kuukuu la kabla ya vita, mbavu tupu na kutu, akaanza kuujengea usukani ule gari lake. Wengine hununua gari, kisha wanatafuta usukani unaofaa. Yeye alianzia mwisho.

Halikuwa gari la kwendea sokoni. Lilikuwa la namna ile Jaspal aliyokuwa akiikata kwenye magazeti na kuibandika ukutani, ya vijana wa Amerika wanaolikata gari la zamani, wanaling'oa paa, wanaling'oa madigadi, wanalipa pua ya duara kama la mashindano ya udongoni, eksozi inapita nje ubavuni kama utumbo, boneti imefungwa kwa mikanda ya ngozi kama sanduku la mwalimu. Kiti kimoja. Upande wa abiria Fundi aliufunika kwa bati. Nilimwuliza mkewe atakaa wapi, akasema, "Mama hapana penda upepo."

Bati lile alilifinyanga kwa mkono. Aliweka mfuko wa mchanga juu ya gogo, akaweka bati, akalipiga kwa nyundo ya mti, pole pole, bangili yake ya chuma ikigonga kila mara nyundo iliposhuka, kwa hiyo kila pigo lilikuwa mawili. Siku moja nilimpelekea chai yake chungu, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani kama fundi cherehani. Nilikuwa mfupi, mabega mapana. Jaspal naye hivyohivyo, tukisimama Nakuru tulitoshana, akinitania, "Rodah, chapati zako ni ramani ya Afrika, hii hapa imekosa Kongo."

"Ingia," Fundi akasema.

"Wapi?"

"Hapa ndani. Kaa. Hapana tingisha."

Palikuwa na kreti la nyanya katikati ya mbavu zile za chuma. "Fundi, kuna baridi."

"Baridi iko nje. Ndani ya gari hapana baridi."

"Gari gani? Hiki ni kitanda cha jela."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Nakuru. Nikakaa. Akapima kiwiko changu, goti langu, umbali wa kifua hadi kwenye usukani. Aliandika kwa chaki juu ya chuma chenyewe. Basi ikawa kazi yangu. Baada ya vyombo na kufagia, nakaa kwenye kreti, ananijengea gari mwilini. Mlango aliukata pale mkono wangu ulipolala. Boneti aliishusha mpaka macho yangu yalipoona ardhi mbele ya gurudumu. Nilipochoka kukaa alinipa kipande cha chuma nikishikilie nyuma ya bati naye anapiga mbele, na nikajifunza kwamba bati lililokubali hulia wazi, lisilokubali linanung'unika. Nilikipenda kile kibanda, siwezi kusema uongo. Ndani ya nyumba kulikuwa kama hospitali, nje kulikuwa na makelele.

Ubaya ulikuja kidogo kidogo, tena umevaa wema. Kwanza ovaroli. Gauni langu lilichafuka kwa grisi, Mama Jaspal akaniletea ovaroli ya Jaspal, imepigwa pasi. Ikanienea. Kisha buti zake. Kisha siku moja mezani sahani ya tano haikukaa mbele ya kiti kitupu, ilikaa mbele yangu, na mtindi wake pembeni kama alivyopenda yeye, na mimi mtindi siupendi. "Kula, umefanya kazi," Mama Jaspal akasema, akinitazama ninavyotafuna. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe, alizaliwa Nakuru. Manju akauliza, "Mama, Rodah sasa ndiye kaka?" Mama akamwambia, "Kula, chakula kinapoa." Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Wiki iliyofuata aliniita kutoka juu ya ngazi, "Jaspal!" Nikaitika. Nilikuwa na mikono ndani ya maji ya vyombo, na nikaitika. Povu la sabuni likaniishia mikononi nimesimama palepale.

Na mimi nilikuwa na langu. Kanisani walisema hospitali inatafuta wasichana wa jikoni, kazi ina chumba, chumba kina kitasa. Nilitaka kile kitasa kuliko nilivyowahi kutaka mwanamume. Nilipomwambia Mama Jaspal hakukasirika, ingekuwa heri angekasirika. Alinishika mkono akasema, "Utaenda wapi? Gari bado halijaisha." Nikaona wazi. Gari likiisha nikakaa ndani, basi nimekaa. Kile kichumba cha katikati kingepata mtu wa kulala, zile shuka zingepata kazi, na Rodah binti wa watu angekuwa amefia Birmingham bila hata matanga. Sikuwa na hasira nao. Waliniweka vizuri, walinilisha. Lakini mtu anaweza kumezwa na watu wazuri.

Liliisha kiangazi. Fundi alihangaika na rangi mpaka akachanganya yake mwenyewe, nyekundu isiyo nyekundu. Nilipoiona niliijua. Ni rangi ya udongo wa Nakuru, ile ambayo magari hurudi nayo kutoka mbioni, hata uyasugue vipi. Mtu mwingine angelipaka ling'ae. Yeye alilipaka kama limekwisha kukimbia, kama limefika nyumbani jioni na dereva ameingia ndani kuoga. Ubavuni akachora duara jeupe na namba ya Jaspal. Kiti akakishona kwa ngozi, akakitia pamba kwa umbo lile la chaki. Akaniambia Jumapili tutalipeleka nje ya mji, kuna shamba ambako wazungu hushindana kwenye matope. Mimi niendeshe. Nilikuwa nimejifunza kuendesha lori la kiwanja cha skrepu, mbele na nyuma tu, kwa mchezo.

Jumapili ile asubuhi Mama Jaspal aliingia bandani kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima hakuwahi kuvuka kile kizingiti, akisema harufu ya rangi inamwumiza kichwa. Alivaa nguo yake ya harusi za watu. Mkononi alikuwa na miwani ya vumbi, ile ya mpira, na kioo kimoja kina ufa. Sikujua kwamba ilikuja nasi. Manju alisimama nyuma yake ameshika upindo. Mama Jaspal akalizunguka gari, akagusa mlango, akagusa namba, kisha akaninyooshea ile miwani.

"Vaa."

Sikuipokea.

"Vaa, ukae. Nikuone tu. Dakika moja, mwanangu."

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na mikono ilikuwa safi. Nikakitazama kiti. Kilikuwa kimetuna pale mgongo wangu unapopinda, kimenisubiri kama shimo linavyosubiri. Ovaroli ilikuwa yake, buti zake, sahani yake nilikuwa nimekula. Kilichobaki ni hicho tu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, si kwa ukali, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu:

"Mama Jaspal, kiti cha marehemu mimi sikikalii."

Neno lile halikuwa limeingia nyumba ile. Marehemu. Lilisimama bandani kama mgeni mwenye viatu vya matope. Fundi akaangusha kitambaa. Mama Jaspal akasema, "Nani? Nani marehemu? Sema!" Akanishika ovaroli kifuani akanitikisa, na nguvu alizokuwa nazo mama yule mwembamba sijui alizitoa wapi. "Sema!" Ndipo Fundi akasema, kwa lugha yao, maneno mawili. Lugha yao nilikuwa naijua ya jikoni tu, lakini yale niliyaelewa. Alisema, Jaspal amekufa.

Mama Jaspal alikaa juu ya mfuko wa mchanga, nguo yake ya harusi na yote, akalia. Nimezaa, nimezika mume, nimewaangalia wazee wa nchi hii wakikata roho mikononi mwangu miaka mingi katika kazi yangu, lakini kilio kile sijakisikia tena. Kilikuwa kilio cha mwaka mzima. Majirani walitoka. Mama mmoja Mpakistani wa nyumba ya pili aliruka ukuta wa uani na ndara mguu mmoja, akamkumbatia bila kuuliza. Hilo ndilo jambo la wanawake, kwanza unashika, habari utaambiwa.

Jioni nilimkuta jikoni. Ameshusha mkebe kutoka kabatini, ameufungua. Akamimina sukari yote ndani ya karai la samli na unga, akakoroga halua, halua ya msiba, ile wanayogawa baada ya sala. Mkono wake haukusita. Tukaipeleka mimi na yeye nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, kwenye visahani. Wazungu walipokea wakishangaa, sukari yote hiyo imetoka wapi wakati huu. "Ya mwanangu," aliwaambia mlangoni kila mmoja, kwa Kiingereza chake kidogo. "Mwanangu amekufa." Akasema hivyo mtaa mzima, mlango baada ya mlango, na mimi nimeshika sinia. Tuliporudi akanimiminia chai. Nilidhani atanichukia. Akasukuma kikombe mbele yangu, akasema, "Haina sukari. Imekwisha." Tukanywa hivyohivyo.

Niliondoka kabla ya majani kuanguka. Fundi alinibebea sanduku hadi kituo cha basi na hakuzungumza lolote la gari. Alilifunika kwa lile blanketi la Nakuru. Hakulipeleka shambani, hakuliuza, walipohamia mtaa wa Acocks Green alilikokota juu ya trela akaliweka gereji mpya, akalifunika tena. Alikuja harusini kwangu, akafa mimi nikiwa na mimba ya pili. Mama Jaspal kila mwaka alinitumia kisahani cha halua, siku ileile, na nilipozeeka nikaanza kumpelekea mimi. Hatukuwahi kuizungumzia asubuhi ile. Ya nini?

Basi Alhamisi nikaenda. Wao kabla ya kuchoma huleta maiti nyumbani kwanza, aage kuta zake. Sanduku lilikuwa sebuleni, Mama Jaspal ndani yake mdogo kama Manju wa siku zile. Nikamgusa paji la uso. Kisha Manju akanivuta hadi gereji, na blanketi lilikuwa limeshaondolewa. Ee Mungu wangu, rangi ile! Nikapitisha kidole chini ya mlango, nikapata pale kwenye tumbo dogo la bati ambalo nililishikilia vibaya na Fundi akakataa kulirekebisha. "Hapana haribu. Hiyo sahihi yako," alisema.

"Mafundi wameliwasha, Anti," Manju akasema. "Linanguruma vizuri. Nataka limtangulie Mama barabarani. Mara moja tu. Lakini hakuna anayeingia! Mume wangu alijaribu, magoti yakakwama, tukamtoa kama kizibo. Wanangu ni wakubwa kama makabati. Ni wewe tu. Lilijengwa kwa mwili wako." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Umeendesha basi la wazee wa kanisa miaka yote hiyo. Tafadhali, Anti."

Nikamwambia, "Zima injini. Tutalisukuma."

Hakubishana. Alikuwepo siku ile, ameshika upindo. Basi wale makabati wake wakalisukuma kwa nyuma, wamevaa suti, nami nikatembea ubavuni, mkono wangu umepita juu ya mlango, umeshika usukani. Ulikuwa na joto, sijui ni jua au nini. Nyuma yetu gari la maiti lilikuja pole pole kwa mwendo wa miguu yangu mibovu. Watu waliokuwa madukani wakatoka, mzee mmoja akavua kofia. Gari jekundu la udongo, kiti kimoja, hakuna mtu ndani, na bibi Mwafrika analiongoza kwa mkono mmoja kama anayemvusha mtoto barabara. Nililia, ndiyo. Nilimlilia Jaspal hatimaye, mimi ambaye mwaka ule nilikuwa na kazi nyingi za kuwa yeye hata sikupata nafasi.

Barabara inapanda kidogo kabla ya kona. Nyonga ikaanza kuniuma, nikasimama, makabati wakasimama, gari la maiti likasimama. Neema akaja mbio kutoka nyuma, amevaa uso wake wa wodini. "Nyanya, inatosha," akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, kibovu, lakini cha kwake. "Wewe umechoka. Kaa tu kidogo. Wao watasukuma."

Mlango ulikuwa karibu na goti langu. Ngozi ya kiti ilikuwa bado imetuna, imepinda pale ninapopinda, baada ya miaka yote hiyo. Nikageuka, nikatazama nyuma, kwenye kioo cha gari la maiti na maua yaliyokuwa juu ya sanduku, nikamwambia mwenyewe aliyehusika:

"Mama Jaspal, kiti cha marehemu mimi sikikalii."